Ahadi ni Deni: Lugha ya Bei katika Matangazo ya Biashara, kwa Mtazamo wa Soko la Kola, Machakos

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhusiano uliopo kati ya bei inayoahidiwa katika matangazo ya biashara na bei ambayo mteja hulipa hatimaye. Hoja kuu ni kwamba mbinu za lugha zinazofunzwa katika darasa la fasihi, yaani chuku, fumbo, utata na tasfida, hupata hadhi nyingine kabisa zinapoigusa bei. Katika shairi huwa pambo. Katika bei huwa deni. Makala yanatumia nadharia ya vitendo-uneni, sheria za Kenya za kumlinda mteja, na mazingira ya soko la Kola katika Kaunti ya Machakos kuonyesha pale sanaa ya tangazo inapopaswa kukoma.

1. Utangulizi

Wahenga walisema kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lau methali hii ingechukuliwa neno kwa neno, basi ingebidi kukiri kwamba bidhaa njema zimetoweka nchini, kwani leo zote zinajitembeza: redioni, kwenye kuta za maduka, migongoni mwa matatu na ndani ya simu ya kila mtu. Utafiti mwingi wa sajili ya matangazo umejikita katika mvuto wake: uradidi, takriri, sitiari na wimbo. Swali ambalo halijapewa uzito wa kutosha ni hili: je, kile kilichosemwa juu ya bei ndicho kilicholipwa?

Kola ni soko lililo kando ya barabara itokayo mji wa Machakos kuelekea Wote. Wakazi wengi wa eneo hilo ni Wakamba wanaotegemea kilimo cha mahindi, maharagwe, mbaazi na maembe katika ardhi ambayo mvua zake ni za kubahatisha. Soko hili halikuteuliwa kwa sababu wafanyabiashara wake wana kasoro kuliko wa kwingine. Limeteuliwa kwa sababu, kama yalivyo masoko mengi madogo ya Ukambani, linakutanisha aina tatu za bei mahali pamoja: bei ya kupatana kwa mdomo, bei iliyoandikwa kwenye bango, na bei inayopitia simuni. Mifano ya hesabu inayotolewa humu ni ya kubuni kwa ajili ya ufafanuzi, isipokuwa pale inapotajwa huduma mahususi.

2. Tangazo la bei kama ahadi

Mwanafalsafa J. L. Austin, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka wa 1962, alionyesha kuwa kusema ni kutenda. Anayesema "naahidi" haelezi jambo lililopo, anajifunga. John Searle aliliendeleza wazo hilo mwaka wa 1969 kwa kubainisha masharti ya ahadi iliyotimilika: msemaji anazungumzia tendo lake la baadaye, analikusudia kwa dhati, na anakubali kwamba maneno yake yamemwekea wajibu. Jamii ya Waswahili ilikuwa imekwisha kulisema jambo hilo kwa maneno matatu tu: ahadi ni deni.

Kwa mtazamo huu, tangazo la biashara halina budi kugawanywa mara mbili. Kuna sehemu isiyomfunga mtu. Muuza viatu anayedai kuwa bei zake ni "za kutupa" hatarajiwi kuvitupa viatu hivyo barabarani. Msikilizaji anaitambua chuku na kuipunguza mwenyewe, sawa na anavyoipunguza chuku ya mtambaji wa ngano. Kuna pia sehemu inayomfunga msemaji, nayo ni ile yenye nambari. Akisema "shilingi 300", hakuna msikilizaji anayeipunguza nambari hiyo kichwani mwake. Nambari haipambwi wala haifasiriwi. Inashikwa kama ilivyo, na mteja anaondoka nyumbani akiwa amezihesabu fedha zake kwa kuitegemea.

Tatizo huzuka pale mtangazaji anapoizungushia nambari maneno yanayoirudisha katika uwanja wa sanaa bila msikilizaji kutambua. H. P. Grice, katika makala yake ya mwaka wa 1975, alieleza kwamba wanaozungumza huongozwa na kanuni ya ushirikiano: kila mmoja hudhani kuwa mwenzake anatoa taarifa ya kutosha, ya kweli, inayohusika na iliyo wazi. Tangazo la bei linaweza kuheshimu kanuni ya ukweli huku likivunja kanuni ya kiasi cha taarifa. Halisemi uongo, bali linanyamaza mahali ambapo msikilizaji ana haki ya kudhani kwamba hakuna lililobaki.

3. Mbinu za kuificha bei iliyotajwa

Mbinu nne zinajitokeza sana katika matangazo ya Kiswahili nchini Kenya.

(a) Viunganishi vya mpaka. "Kuanzia Sh. 999" na "punguzo la hadi asilimia 50" ni kauli mbili zinazotaja ncha moja tu ya kipimo. "Kuanzia" inataja sakafu na kunyamazia dari. "Hadi" inataja dari na kunyamazia sakafu. Duka lenye bidhaa mia moja likipunguza bei ya bidhaa moja kwa nusu, kauli ya "hadi asilimia 50" imekuwa kweli. Kisarufi hakuna kosa. Kipragmatiki, msikilizaji amefanywa aamini kuwa ncha aliyotajiwa ndiyo hali ya kawaida.

(b) Kijineno "tu". Katika "Sh. 50 tu kwa siku", nambari ni taarifa, lakini "tu" ni hukumu: mtangazaji amempa mteja bei pamoja na maoni juu ya bei hiyo. Tuchukulie kuwa mkulima wa Kola anataka taa ya sola ambayo bei yake kwa taslimu ni Sh. 14,000. Anatangaziwa kulipa mdogo mdogo: malipo ya kwanza ya Sh. 2,500, kisha Sh. 50 tu kwa siku kwa mwaka mmoja. Siku 365 zikizidishwa kwa 50 ni Sh. 18,250, ukiongeza malipo ya kwanza, jumla ni Sh. 20,750. Tofauti na bei ya taslimu ni Sh. 6,750, yaani karibu nusu ya bei ya taa yenyewe. Huenda bado ni biashara yenye manufaa kwake, kwa kuwa hana Sh. 14,000 za mkupuo na watoto wanahitaji mwanga wa kusomea. Lakini uamuzi huo ni wake, na hawezi kuufanya iwapo jumla haikutajwa popote. Siku moja ya malipo ilitangazwa; siku 365 zikaachiwa hesabu yake mwenyewe.

(c) Tasfida. Lugha ya Kiswahili ina utajiri wa maneno yanayotaja fedha inayoongezwa juu ya fedha: riba, ada, tozo, makato, gharama, malipo ya huduma. Maneno haya si visawe kamili. "Riba" lina uzito wa kimaadili, hasa kwa kuwa dini ya Kiislamu inaikataza. "Ada", kwa upande mwingine, ni neno pole. Asili yake ni Kiarabu, na katika Kiswahili limebeba maana ya desturi na pia ya malipo yatolewayo kwa mujibu wa desturi. Anayelipa ada anajihisi kuwa anatimiza lililo la kawaida. Huduma ya mikopo ya simu ya M-Shwari ilipoanzishwa mwezi wa Novemba mwaka wa 2012, aliyekopa alitozwa asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, na malipo hayo yakaitwa ada ya uwezeshaji, si riba. Kiwango chenyewe kilitangazwa, na kwa hivyo haiwezi kusemwa kuwa kilifichwa. Hata hivyo, neno lina kazi yake. Anayekopa Sh. 1,000 na kulipa Sh. 1,075 baada ya mwezi anaona Sh. 75. Akifanya hivyo miezi 12 mfululizo, atakuwa amelipa Sh. 900 kwa ajili ya kutumia Sh. 1,000 zilezile, sawa na asilimia 90 kwa mwaka. Kwa kuitwa ada, gharama hiyo inakuwa vigumu kulinganishwa na riba ya benki, ambayo hutajwa kwa mwaka. Jina limebadilisha kipimo.

(d) Utendwa usio na mtenda. Kauli "vigezo na masharti kuzingatiwa" imekuwa kiitikio cha matangazo ya redio, aghalabu ikisomwa kwa kasi ambayo hata mkariri wa tenzi hawezi kuifuata. Muundo wake unastahili kuchunguzwa na kila mwanafunzi wa sarufi. Kitenzi kiko katika hali ya kutendwa, hivyo mtenda hatajwi. Kiko pia katika umbo la kitenzi-jina, hivyo hakina wakati wala nafsi. Haijulikani ni nani atakayezingatia, lini, wala kwa faida ya nani. Umbo hilo hata linamwondolea mtunzi usumbufu wa upatanisho, kwani "vigezo" ni ya ngeli moja na "masharti" ni ya nyingine. Kwa maneno manne, mtangazaji ametamka kwamba ahadi aliyoitoa ina mipaka, bila kutaja hata mpaka mmoja.

4. Bei katika soko la Kola

Mtu anaweza kudhani kuwa dawa ya maovu haya ni bango lenye bei iliyoandikwa, na kwamba soko la mdomo ndilo makao ya giza. Hali halisi inalipinga wazo hilo.

Katika biashara ya kupatana, muuzaji anayesema kuwa bei ni ya maelewano amesema kweli tupu: bei haijafika. Mnunuzi anataja yake, muuzaji anataja yake, na wanapokubaliana kila mmoja anajua kiasi kamili kabla ya fedha kuhama mkono. Hakuna ada itakayojitokeza baadaye. Kwa kigezo hiki, mama anayeuza maembe kando ya barabara ana uwazi kuliko bango lililoandikwa "kuanzia".

Hata hivyo, soko la mdomo nalo lina maficho yake. Nafaka huuzwa kwa gorogoro, mkebe unaochukuliwa kuwa na uzito wa takribani kilo 2. Bei ya gorogoro hutangazwa wazi, tena kwa sauti. Kinachoweza kufichwa ni mkebe wenyewe: kitako kikibonyezwa kuelekea ndani, ujazo unapungua ilhali jina linabaki lilelile. Iwapo gorogoro ya mahindi ni Sh. 120, kilo moja ni Sh. 60. Ikiwa mkebe umebonyezwa hata ukabeba kilo 1.8, kilo moja imekuwa karibu Sh. 67, na hakuna neno lililobadilika. Ndiyo maana Sheria ya Mizani na Vipimo (Sura ya 513) inadai kuwa vyombo vya kupimia katika biashara vikaguliwe na kupigwa muhuri. Bei ni uwiano kati ya fedha na kipimo. Anayekitikisa kipimo ameitikisa bei.

Mfano mwingine ni wa utingo wa matatu. Mwito wake ni tangazo: nauli inatajwa kwa sauti, mara mbili au tatu, kwa mdundo. Utata hutokea pale abiria anapoketi, gari likang'oa nanga, na nauli ikadaiwa tofauti kwa kisingizio cha mvua au cha jioni. Mwito ulikuwa ahadi. Abiria aliuitikia kwa kupanda. Kwa mujibu wa nadharia ya vitendo-uneni, mkataba ulikwisha kufungwa mlangoni.

Jambo la tatu, na pengine zito zaidi kwa wasomaji wa jarida hili, ni mgawanyo wa lugha. Katika soko kama la Kola, mapatano huendeshwa kwa Kikamba. Tangazo humfikia mteja kwa Kiswahili, mara nyingi kikiwa kimechanganywa na Sheng. Ilhali mkataba wenye masharti kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza. Ahadi inatolewa kwa lugha inayoeleweka, na mipaka ya ahadi inahifadhiwa katika lugha isiyosomwa. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha mbili rasmi. Kama Kiswahili kinatosha kumwita mteja, hakuna sababu ya kiisimu inayokizuia kumweleza gharama.

5. Sheria inaposoma kama mhakiki

Kifungu cha 46 cha Katiba hiyo kinampa mteja haki ya kupata taarifa anazozihitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa au huduma, na kinaliagiza Bunge kutunga sheria ya kuwalinda wateja na ya kuhakikisha matangazo ni ya haki, ya uaminifu na yenye staha. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji Bidhaa ilitungwa mwaka wa 2012.

Sheria hiyo inapoorodhesha kauli za udanganyifu, inataja kudai kuwa kuna nafuu ya bei ambayo haipo. Kisha inakwenda mbali zaidi: inaitia katika orodha hiyo kauli inayotumia chuku, fumbo au utata kuhusu jambo la msingi, au inayolinyamazia jambo la msingi, iwapo kwa kufanya hivyo mteja anapotoshwa. Aidha, inaelekeza kwamba mkataba wenye utata ufasiriwe kwa manufaa ya mteja. Mwanafunzi wa fasihi hana budi kusita hapa. Chuku, fumbo, utata na ukimya ni istilahi zake mwenyewe. Mshairi husifiwa kwa kuzitumia, kwa sababu msomaji anayekosea kulifasiri shairi hapotezi hata senti. Sheria haizikatazi mbinu hizo katika tangazo zima. Inazikataza pale tu zinapoligusa jambo la msingi, na bei ni jambo la msingi.

Uzoefu wa huduma za fedha kwa simu unaonyesha jinsi kanuni hii inavyoweza kutekelezwa. Sheria ya Ushindani ya mwaka wa 2010 inakataza kumtoza mteja wa huduma za benki na nyinginezo ada ambazo hakujulishwa kabla ya kutozwa. Mwishoni mwa mwaka wa 2016, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliwaagiza watoaji wa huduma za fedha kwa simu kumwonyesha mteja gharama kwenye simu yake kabla hajakamilisha muamala, na ikawapa hadi katikati ya mwaka wa 2017 kutimiza agizo hilo. Kabla ya hapo, viwango vingi viliweza kupatikana, bangoni kwa wakala au kwingineko, lakini aliyetuma fedha kwa kawaida aliijua gharama kamili aliposoma ujumbe wa kuthibitisha, fedha zikiwa zimekwisha kwenda. Agizo halikupunguza bei hata kwa senti moja. Lilichobadilisha ni wakati wa kuitaja.

Kuitaja bei wazi kuna athari inayoonekana. Katika jaribio lililofanywa nchini Kenya na taasisi za utafiti pamoja na mtoaji wa mikopo ya simu, wakopaji walioonyeshwa gharama ya mkopo ikiwa imetengwa na mkopo wenyewe walishindwa kulipa kwa kiwango kidogo kuliko walioonyeshwa jumla tu: kutoka takribani asilimia 29 hadi asilimia 20. Matokeo haya yanadokeza kwamba uwazi si sadaka ya mfanyabiashara kwa mteja. Anayejua deni lake hulipanga, na anayelipanga hulilipa.

Kenya haiko peke yake katika jitihada hizi. Umoja wa Ulaya uliyaagiza mashirika ya ndege, kwa kanuni ya mwaka wa 2008, kuonyesha wakati wote bei ya mwisho iliyojumlisha kodi na ada zote zisizoepukika. Huko pia, tatizo halikuwa uongo bali nambari iliyokatwa mkia.

6. Kuipima ahadi

Kutokana na mjadala huu, tangazo lolote la bei linaweza kupimwa kwa maswali manne. Kwanza, je, ni bei nzima au ni ncha yake? Pili, je, kipimo kimetajwa, kiwe ni uzito, ujazo au muda, na je, ni kipimo kinacholinganishika na cha mfanyabiashara mwingine? Tatu, je, mteja anaijua bei hiyo kabla ya kujifunga, au anaikuta kwenye stakabadhi? Nne, je, masharti yako katika lugha ileile iliyotumiwa kumwita?

Huenda ikadaiwa kuwa tangazo la redio la sekunde 30 haliwezi kubeba yote haya. Dai hili lina uzito, lakini halitoshi. "Jumla Sh. 20,750 kwa mwaka" ni maneno machache kuliko sifa nyingi zinazomiminwa juu ya bidhaa hiyohiyo. Kinachokosekana si muda, ni nia.

7. Hitimisho

Makala haya yamedhihirisha kwamba pengo kati ya bei iliyotangazwa na bei iliyolipwa kwa kiasi kikubwa hujengwa kwa lugha: kwa kiunganishi, kwa kijineno, kwa neno pole na kwa kitenzi kisicho na mtenda. Yamedhihirisha pia kuwa bei ya mdomo inaweza kuwa wazi na bei ya bangoni ikawa fumbo. Uwazi hupimwa kwa ukamilifu wa taarifa na wakati wa kuitoa.

Jukumu la wanafunzi wa Kiswahili ni bayana. Wao ndio watakaoajiriwa kuyatunga na kuyatafsiri matangazo hayo, na ndio watakaofundisha shuleni jinsi ya kuyasoma. Kuna haja ya kuwa na Kiswahili sanifu na chepesi cha masharti ya mikataba, na kuna haja ya somo la sajili ya biashara kumfunza mwanafunzi kuitenga chuku inayochekesha na nambari inayofunga. Mkulima wa Kola aliyeuza maembe yake kwa kupatana hadi shilingi ya mwisho anastahili kuambiwa, anapogeuka kuwa mnunuzi, shilingi ya mwisho atakayolipa. Mtangazaji na aipambe bidhaa yake apendavyo. Afikapo penye nambari, pambo na likome.